Nafula na Mvua ya Saa Nane

Kapkatet,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama Atieno, mke wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kama barua hii imekukuta jikoni basi epua sufuria kwanza ukae chini. Mko wazima? Mama yangu magoti yake yanaendeleaje, bado anayasugua na ile dawa ya kunuka? Atieno amepona kikohozi? Mimi ni mzima, isipokuwa hili bega la kushoto unalolijua, na uchovu. Uchovu wa huku si ule wa kulala ukaamka umeisha. Unaamka nao, unavaa nao gambuti, unaenda nao kukata nyasi za nepia.

Najua utashangaa, barua ya nini na simu iko. Simu iko kweli. Lakini wewe ukipokea simu yangu unaiweka sauti kubwa ili Mama asikie, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye asikie, na maneno ya leo nataka uyasikie wewe peke yako kwanza. Ukishayasikia utaamua mwenyewe utawaambia nini. Nimempa yule mama wa kwetu anayeleta samaki wa omena hapa sokoni, ameniapia ataifikisha mkononi mwako. Usimkaribishe chai muda mrefu, ana mdomo.

Ni habari ya Nafula. Hajafa. Nasema mapema usije ukarukia mwisho wa karatasi kama kawaida yako.

Acha nianze mahali unapopajua, maana nikianza katikati nitajitetea, na sitaki kujitetea. Unakumbuka ile mashine ya kuchuma majani chai ilipokuja kule shamba kubwa, sisi wa mikono tukaambiwa tukusanye vitu vyetu. Miaka kumi na minane ya kubeba majani mgongoni, bega likabaki huko. Ndipo nikampata huyu mama mzee ninayemfanyia kazi sasa, ambaye kila mtu hapa anamwita Kogo, yaani nyanya. Ng'ombe wanne, majani chai kidogo, mahindi kidogo, na mdomo usiochoka. Siku ya kwanza kabisa aliniambia kwamba kwao mtu akichunga vizuri hupewa ndama, kwa hivyo nikimaliza miaka miwili nitachagua mtamba mmoja katika wale watakaozaliwa hapa. "Utachagua mwenyewe," alisema, "nisije nikaambiwa nilikupa mgonjwa."

Na wewe ukalishika hilo neno kuliko mimi. Nilipokuambia kwa simu kwamba amezaliwa mtamba mwekundu mwenye nyota kwenye paji la uso, na kwamba alizaliwa mvua ikipiga mabati hadi hatusikilizani, ukasema basi huyo ni Nafula, kwenu msichana wa mvua huitwa Nafula, hakuna mjadala. Nikacheka, nikakuambia ng'ombe hapewi jina la mtu. Kesho yake nikajikuta ninamwita Nafula. Na akawa anageuka.

Sasa. Katika boma la Kogo hakuna ng'ombe anayeachiwa pembe. Miaka ya nyuma mmoja alimbana ukutani akamvunja mbavu mbili, na tangu hapo kila ndama lazima achomwe vipembe angali mdogo. Madume nao wanahasiwa, maana boma ni dogo, dume akikomaa humo ndani atapanda mpaka dada zake, na maksai ananunulika haraka na watu wa kule chini Sigowet wanaolima kwa jembe la ng'ombe.

Anayefanya kazi hiyo ni jirani ng'ambo ya kijito, Arap Tanui. Ni mzee mwembamba, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mikono yake, Mama Atieno, ungeiona. Mwezi juzi tulifanya madume wawili. Mimi kazi yangu ni kushika. Namlaza ndama, namkalia shingo, nafunga miguu ya nyuma, na bega linalia kabla ndama hajalia. Arap Tanui anachuchumaa, anatafuta mshipa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, halafu anauweka kwenye lile koleo kubwa la kuhasi na kubana. Damu hakuna. Anahesabu kwa Kipsigis, anaachia, anahamia upande wa pili, lakini mahali pa chini kidogo, kwa sababu ukibana mstari mmoja kutoka huku mpaka huku damu haipiti na mfuko wote unaoza. Haya alinieleza kila mara kama vile sijawahi kuyasikia.

"Shika vizuri, mtu wa samaki!" ananifokea, kwa vile natoka ziwani. "Hii si kambare, haitelezi!"

"Nimeshika, mzee."

"Umeshika kama unamsalimia mkwe wako."

Halafu ndiyo pembe. Chuma kinakaa kwenye jiko la makaa mpaka kiwe chekundu, na mimi nakumbatia kichwa cha ndama kwapani. Anazungusha kile chuma kwenye kipembe, moshi unapanda, nywele zinanuka, ndama anatoa sauti ambayo sitaki kukuandikia. Na mama yake anajibu kutoka kwenye kizimba, anapiga mbao kwa mateke. Kila mara namaliza nikiwa nimelowa jasho, nanuka moshi mpaka kesho. Arap Tanui anapaka ile dawa ya zambarau, anapuliza chuma chake, anaomba chai. Yeye si katili. Ni haraka tu, na anajua. Lakini mimi, nikuambie ukweli, nimechoka kushika. Nimeshika ndama wengi katika hii miaka miwili, na kila mmoja ananiangalia mimi, hamwangalii mwenye chuma.

Ikafika zamu ya Nafula. Alikuwa hajamaliza wiki mbili. Binti wa Kogo anayekaa Kabianga alikuwa amejifungua, kwa hivyo Kogo akafunga kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yao ya mkaa, akaniambia, "Naenda kumwona mtoto, narudi Jumanne. Jumamosi mwite Arap Tanui amchome huyu mwekundu kabla mzizi wa pembe haujashika."

Nikasema sawa Kogo. Wala sikumwita.

Nilikuwa nimesikia kwa watu kuna dawa ya kupaka. Haina moto, haina kelele, unapaka tu kwenye kipembe, inakula mzizi polepole. Nikaenda duka la dawa za mifugo hapa Kapkatet nikanunua kakopo. Kijana wa duka alinieleza vizuri, siwezi kumlaumu: nyoa nywele, zungusha vaselini isishuke, paka kidogo, mtenge na mama yake asimchome matiti, na kuu kuliko yote, asiguse maji. Nilimwitikia yote. Nilifikiri, Nafula wetu hatalia. Nafula ataenda kwa Mama Atieno bila kujua moto. Nilijiona mimi ni mtu mwerevu sana, Mama Atieno. Miaka yote hii kwa watu, na bado najiona mwerevu.

Jumamosi asubuhi nikampaka. Alitikisa kichwa mara moja mbili akatulia. Jua lilikuwa linawaka vizuri, anga imeoshwa, nikamfunga nje kando ya ghala, dawa ipate kukauka kwa jua. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nitapeleka majani ya Kogo kwenye kituo, saa tano yatapimwa, saa sita nitakuwa nimerudi, nimwingize ndani kabla ya mvua.

Wewe hujakaa huku, kwa hivyo nikueleze hii mvua. Huku mvua ina saa yake kama mfanyakazi wa serikali, na inaitunza kuliko mfanyakazi wa serikali. Saa nane. Asubuhi unaweza kuanika mahindi, ukapiga pasi kwa jua, lakini saa nane ikifika inashuka kutoka upande wa msitu. Najua. Nimeishi nayo miaka ishirini. Mtoto mdogo wa huku anajua.

Na lori la majani nalo lina tabia yake. Linasema saa tano, linakuja linapotaka. Siku hiyo saa tano ilipita, saa sita ikapita. Sisi tumekaa na magunia yetu, wanawake wanachagua majani mabovu, mtu huwezi kuondoka, kwa sababu ukiondoka na jina lako likaitwa umepitwa, na majani yakilala kwenye gunia yanapata joto yanakuwa meusi, na hapo kazi ya siku nzima ya Kogo imekuwa takataka. Ikafika saa saba na nusu. Nikaiona mvua. Ilikuwa imefunika kilima cha kwanza. Watu wakaanza kuvuta magunia chini ya paa.

Nikasema moyoni, Nafula.

Na hapo hapo tukasikia lori linanguruma mlimani. Nikajiambia, dakika kumi. Litafika, watanipima, nitakimbia. Mama Atieno, sitakudanganya, nilisikia kabisa mahali miguu yangu ilitaka kwenda, nikaizuia. Ningeweza kumwomba mama yeyote pale aniangalizie majani. Sikuomba, kwa sababu ningeulizwa una haraka gani, na ningelazimika kusema nimepaka ndama dawa na kumfunga nje. Niliona haya. Yaani niliogopa kuchekwa na watu wa kituo cha majani.

Lori lilichukua karibu nusu saa kupanda kile kilima kwa utelezi. Nilipopimiwa nilikimbia kwa gambuti mpaka nyumbani, na nilipofika mvua ilikuwa imeshapiga muda mrefu. Nafula alikuwa amesimama amebana kichwa kwenye nguzo ya ghala, upande wa kushoto, anasugua, anasugua. Ile dawa ilikuwa imeyeyuka imeshuka kama uji mpaka kwenye jicho. Nikamkokota kwenye tangi, nikamwosha, jagi baada ya jagi, sijui mangapi, mimi mwenyewe nalia kama mtoto, mvua inanipiga mgongoni. Jicho la kulia lilipona kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto. La kushoto, Jumapili lilikuwa jekundu limevimba, Jumatatu limefanya ukungu mweupe. Mpaka leo ni jeupe. Halioni.

Sasa pumzika kidogo, kunywa maji. Maana hilo la jicho ni bahati mbaya na ujinga wangu. Linalofuata si bahati mbaya.

Kogo alirudi Jumanne. Hata kibuyu hakuweka chini, alikwenda moja kwa moja kwa ndama. Akamshika taya, akamgeuza huku na huku, akaona vipembe vimechomeka, akaona jicho.

"Nani amefanya hivi?" akauliza, halafu hakungoja. "Arap Tanui. Nilijua tu. Nilijua, mikono imezeeka na mimi bado namwita kwa sababu ya ujirani."

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mbili za maji. Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia.

Akaitwa Arap Tanui. Na nikuambie jambo kuhusu huyu mzee. Mwaka huu ameanza kusahau. Juzi juzi alivaa koti akaenda kanisani siku ya Jumatano. Kuna siku aliweka chuma motoni akarudi nyumbani kwake kulala. Watu wanacheka, yeye mwenyewe anacheka, lakini akicheka anakuangalia kama anataka kujua umecheka kwa nini. Kwa hivyo alikuja, akasimama pale bomani, Kogo akammwagia maneno yote. Mzee akamtazama Nafula. Akatazama mikono yake, ndani na nje. Halafu akanigeukia mimi, kwa sauti ndogo.

"Nilikuja Jumamosi?"

Na mimi nikamjibu, "Ulikuja, mzee."

Maneno mawili tu, na la pili ni la heshima.

Akavua ile kofia ya sufu, akamwambia Kogo pole, nimeharibu ndama wa watu. Kesho yake asubuhi alileta chuma na koleo, akavitundika mwenyewe kwenye ukuta wa ghala. "Mtafute mtu mwingine," akasema. "Mimi nimekwisha."

Kwa wiki mbili nilikatakata nepia ya ng'ombe hapo chini ya vile vyuma. Unataka kujua nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nakutaja wewe. Ulikuwa umeniambia kwa simu umeshasimamisha nguzo saba za boma, umechimba mashimo kwa mikono yako na Mama amekushikia kamba, umepanda nepia mpaka karibu na choo, na kwamba wale wanawake wa chama wanakuuliza ng'ombe anakuja lini. Boma letu limekaa tupu tangu Baba afariki. Nikajisemea, nikifungua mdomo Kogo atanifukuza, na mtamba amekwenda, na zile nguzo zitakuwa za kuanikia nguo. Nikasema, nanyamaza kwa ajili ya Mama Atieno. Nilikubebesha wewe mzigo wangu na hata hukujua. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine.

Iliyonivunja ni salamu. Nilikutana na Arap Tanui kwenye njia ya kijito, mimi na mzigo wa nyasi, yeye na fimbo. Miaka miwili huyu mtu hajawahi kuniita jina langu. Mimi kwake ni mtu wa samaki, asubuhi na jioni, mpaka mbele ya mchungaji wa kanisa. Siku hiyo alisimama, akaniangalia usoni kwa makini, akasema polepole, "Habari, Onyango." Kisha akaongeza, "Ni Onyango, sivyo? Nimesema sawa?"

Nikamwambia umesema sawa, mzee. Akashukuru. Akaniambia kongoi, asante, kama mtu aliyepewa kitu. Nikaenda nikaweka ule mzigo chini, na sikuweza kuuinua tena.

Jioni hiyo Kogo alikuwa anakamua. Nilisimama mlangoni mwa kizimba nikamwambia yote, dawa, ghala, lori, mvua, na yale maneno mawili. Hakuacha kukamua. Nilimaliza, maziwa yakaendelea kupiga ndoo, nikadhani labda hakusikia.

"Kwa hivyo Arap Tanui hakuja," akasema.

"Hakuja."

"Na wewe ulimwambia alikuja."

"Ndiyo, Kogo."

Akainuka na ndoo. Alikuwa hajakasirika jinsi ninavyomjua akikasirika, ambapo angenirushia kigoda. Alisema tu, "Jicho ni jicho. Nimezika ndama wengi mimi. Lakini wewe ulimwibia mtu akili yake mchana kweupe, na hata hukuwa na haja nayo." Akapita. Akiwa nje akasema tena, bila kugeuka, "Zile vyuma zake zinafanya nini kwa ukuta wangu?"

Nikavishusha, nikavuka kijito navyo, giza lilikuwa bado halijaingia. Nilimkuta mzee amekaa nje ya nyumba. Nilipiga magoti, Mama Atieno. Mimi, ambaye kwa mkwe nilikataa kupiga magoti, wewe shahidi. Nikamwambia hukuja Jumamosi, mzee. Ni mimi. Hujasahau kitu.

Akainua fimbo akanichapa moja, bega hili hili la kushoto. Moja tu, lakini haki ya Mungu niliona nyota. Kisha fimbo ikamwanguka, akafunika uso kwa ile kofia yake akalia.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili kila nikilala nahesabu majina ya watoto wangu, wale saba, nikiogopa nitakosa mmoja. Namhesabu mpaka yule aliyekufa. Mama yao ananiuliza unanong'ona nini, namwambia naomba Mungu."

Nililia pia. Tukakaa hapo, wanaume wawili wazima, kuku wanatupita. Mwishowe akapangusa macho, akavuta kile chuma akakikagua kama nimekipinda, akaniuliza ilikuwaje hasa. Nikamweleza tena. Nilipofika kwenye ile dawa akanikatiza.

"Ya kupaka?"

"Ya kupaka, mzee."

"Ukamfunga nje?"

"Nje."

"Na hii mvua yetu?" Akaangalia mbinguni, akaniangalia mimi. "Ee Mungu! Ya kupaka, na mvua ya saa nane! Wewe mtu wa samaki, wewe! Wewe mtu wa samaki!"

Mama Atieno, sijawahi kufurahia kutukanwa namna hiyo.

Ijumaa akaja mwenyewe bila kuitwa. Kuna mtamba mwingine hapa, mweusi mwenye mabaka meupe, mdogo kidogo kwa Nafula, mama yake ndiye anayejaza ndoo kuliko wote. Vipembe vyake vilikuwa vimechomoza. Nikawasha jiko, nikakumbatia kichwa, akazungusha chuma mara mbili, akatoa. Duara safi kila upande, hakuna unywele mmoja umeungua pasipotakiwa. Akamwonyesha Kogo. Kogo naye akaangalia, akamwendea na chai ya maziwa matupu kwa kikombe cha wageni. Huku hivyo ndivyo watu wanavyoombana msamaha, nimeona.

Mimi nilikuwa nangoja kufukuzwa. Nguo nilikuwa nimeshafua nikazikunja. Kogo akawatoa mitamba wote wawili akawasimamisha mbele ya ghala, Nafula na yule mweusi.

"Miaka yako miwili inaisha mwezi ujao," akasema. "Chagua."

Nikamwambia Kogo, mimi sistahili kuchagua kitu.

"Nilikuuliza unastahili?" Akaanza kuwaka sasa, nikapata nafuu kumsikia. "Nilisema utachagua. Sikusema utachagua ukiwa mtu mzuri. Mimi neno langu haliharibiki kwa sababu wewe umeharibika. Chagua twende kazini."

Basi nilisimama pale. Nikamwona yule mweusi, macho mawili, miguu minne, mama yake anajaza ndoo. Nikaziona nguzo zako saba. Nilijua kabisa wewe ungechagua nani, na ungekuwa na haki, na hakuna mtu pale angenilaumu. Nafula alikuwa amegeuza kichwa chote upande ili anione kwa lile jicho moja, kama anavyofanya siku hizi. Sikuweza kuondoka na kizima nimwachie Kogo nilichokiharibu. Wala sikuweza kumwacha Nafula. Nikasema, mwekundu.

Kogo akanitazama kidogo, akasema haya, akaenda na yule mweusi. Arap Tanui akamaliza chai yake. "Usijali," akaniambia, "maziwa hayatoki kwa jicho."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe utakayepokea mwisho wa mwaka nikija naye ana jicho moja, na angeweza kuwa na mawili, na mwingine mzuri zaidi nilimwacha. Sikukuuliza. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko fimbo ya mzee. Nilikuwa na simu mfukoni na sikukuuliza, kwa sababu nilijua ungesema kweli.

Sasa kuhusu boma. Mlango umeuweka upande gani? Kama bado hujagongelea mbao, tafadhali hori ya chakula iwe upande ambao akiingia itakuwa kulia kwake, maana ya kushoto hataiona, atapita atakanyaga. Na lile tawi la mparachichi lililoinama hapo njiani, mwambie shemeji alikate, atajigonga. Pembe hazitaota tena, hiyo dawa angalau ilifanya kazi yake.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe ni mzima na bado ni mkaidi. Nisalimie Atieno, nimemwekea daftari. Msalimie shemeji na umwambie asante kwa misumari. Msalimie katekista wetu, aniombee bila kuuliza sababu. Wale wanawake wa chama uwaambie unavyoona vema, hata ukisema alizaliwa hivyo sitakupinga, ingawa uwongo nimeona gharama yake.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi, nitakuja na bega langu utafute mahali pa kuchapa, la kulia bado ni zima. Lakini yeye usimkasirikie. Na siku akifika, usimwendee kwa kushoto, anashtuka sana, anatetemeka mwili mzima. Pitia kulia, na umwite jina lake kabla hujamgusa. Analijua. Ni wewe uliyempa.

Ni mimi mume wako,
Onyango, Baba Atieno.